Mabwawa Yaliyopewa Jembe

Zena alikuwa uani anapepeta mpunga, mimba yake ya miezi minane imemtangulia, mabwawa matatu yalipoingia kitongoji cha Matongoni. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, maji yamekupwa. Yalikuja yakipanda tope la mtoni, kubwa mbele, la kati nyuma yake, na dogo, la kutosha kumwogesha mtoto mchanga, likihangaika kuyafuata makubwa. Yalikuwa ya mawe meusi yenye vitundu kama vitumbua, na ndani mna maji ya bahari masafi, mtu anahesabu vidole vyake vya miguu. Yakasimama nje ya ua kungoja kukaribishwa.

“Karibuni,” alisema Zena, akaenda kumwita mama mkwe wake.

Matongoni, huko delta mbele ya Kiongoroni, hakuna mawe. Hata mafiga ni ya udongo. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichofanya Bi Mwanaidi ni kuligonga lile bwawa la kati kwa kisu, aone kama litatoa figa moja zuri. Bwawa likasogea. Bi Mwanaidi akaomba radhi, akafukiza udi kama anavyofanyiwa mgeni yeyote.

Mwalimu Abdulswamadu alieleza kwamba mabwawa ya namna ile amewahi kuyaona kwenye simu. Yako katika visiwa vilivyozaliwa na mlima wa moto, mbali sana, na watu hupanda ndege kwenda kuyatembelea.

“Kutembelewa kila siku nako kunachosha,” alisema Bi Mwanaidi. “Yametaka nayo kuona kwa watu.”

Siku mbili zilikuwa za sherehe. Hakuna aliyejua bwawa linakula nini, basi yakamiminiwa ndoo mbili mbili za maji ya bahari, asubuhi na jioni, na yalionekana kuridhika. Wanawake wakaingia. Matongoni maji yako kila upande, lakini wanawake wake hawakuwahi kuogelea, maana mtoni kuna mamba na tope linafika mapajani. Sasa waliingia na kanga zao, wakaelea, wakapiga vigelegele. Bi Mwanaidi, mwenye miaka sabini na moja, aligundua kwamba anajua kuogelea chali, akakataa kutoka mpaka aletewe chai humo humo. Zena naye akaelea, tumbo juu, mtoto anarusha mateke, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu mwaka jana.

Mwaka jana uchungu ulimshika maji yamekupwa. Mtumbwi wa kumpeleka hospitali ulikwama topeni masaa matano wakingoja maji yajae, mtoto akazaliwa humo, na hakulia. Zahanati ya Matongoni ipo, ina bati la buluu na kufuli. Muuguzi ameahidiwa tangu bati lilipokuwa jipya, na boti ya wagonjwa vilevile. Zena alikuwa anaogopa jambo moja tu, kwamba uchungu utamshika tena maji yakiwa yametoka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwingine hayo ni maneno ya utani, lakini Matongoni jembe hutolewa kweli, na mgeni akishalipokea hana ruhusa ya kuondoka mpaka mwenyeji wake alichukue. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Kibwana, alileta jembe jipya akaliegemeza ukingoni mwa bwawa kubwa. Hakuna aliyeuliza bwawa litalima nini.

Siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, maji yamekupwa kabisa, uchungu ukamshika Zena.

“Kaza moyo, mwanangu,” alisema Bi Mwanaidi. “Magharibi maji yatajaa.”

“Magharibi mbali, mama.”

Bwawa kubwa likasogea mpaka mlangoni, likainama upande mmoja. Zena akaingia, Bi Mwanaidi akafuata, na Ashrafu, mume wa Zena, akadandia ukingoni karibu na jembe. Wakapita juu ya tope, wakapita juu ya mizizi ya mikoko, wakatokea nchi kavu, wakashika barabara. Halikumwagika hata tone. Pale Bungu watu waliwapungia mikono. Trafiki aliwaambia washike kushoto zaidi. Bi Mwanaidi aliogelea chali njia nzima akiimba nyimbo za harusi, kwa kuwa ndizo anazozijua mpaka mwisho, na Zena, katikati ya maumivu, akacheka tena. Hospitali ya misheni Mchukwi bwawa liliegeshwa kivulini, chini ya mkorosho. Alasiri akazaliwa mtoto wa kike, akalia kwa sauti kubwa sana. Wakamwita Salima.

Habari zikafika ofisi ya wilaya. Baada ya wiki tatu alikuja bwana mmoja mwenye faili, amevaa jaketi la kuelea. Alilizunguka bwawa kubwa, akalipima kwa futikamba, akaandika: usafiri wa wagonjwa upo. Boti ikapelekwa kwingine, na muuguzi pia. Alikuwa mtu mwema. Aliogelea kidogo kabla ya kuondoka.

Tangu hapo bwawa kubwa halijapumzika. Limempeleka Huseni aliyeumwa na nyoka, limewapeleka wenye presha na wenye homa, na mawe yake yameanza kupauka. Yale mawili mengine hushinda yameelekea baharini. Kila mtu anaona, na kila mtu husema jembe lichukuliwe, wageni warudi kwao, ila si wiki hii.

Zena aliona haya. Yeye ndiye aliyesema karibuni, kwa hiyo jembe ni lake kulichukua. Asubuhi moja alimfunga Salima mgongoni akaenda. Alimkuta jirani yake Warda, mwenye mimba ya miezi saba, ameketi ukingoni mwa bwawa kubwa, miguu majini.

“Hujambo, Warda?”

“Sijambo, dada. Umefuata jembe?”

Zena alishika mpini. Ulikuwa umeanza kulegea.

“Nimekuja kulikaza,” alisema.

Akatafuta kipande cha mti, akakipigilia kwenye mpini mpaka jembe likakaa sawasawa, akaliegemeza pale pale. Kisha akamwogesha Salima katika lile bwawa dogo, ambalo lilitulia mpaka alipomaliza, likageuka tena kuelekea baharini.