Radio Iliyoitikia Salamu

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Mwalimu Restituta alimaliza kumenya ndizi, akanawa mikono yenye utomvu, akavaa miwani, akaketi barazani kwake mtaa wa Bakoba na kumsalimia kwa mara ya kumi na saba mtu asiyemjua.

"Habari za asubuhi, Ndugu Revocatus. Umeamkaje? Familia haijambo? Huko Muleba mvua zinanyesha?"

Alihakiki alama za kuuliza, akatuma. Tiki mbili zikatokea, zikageuka bluu. Chini ya jina la Revocatus pakaandikwa kwamba yupo hewani. Kisha hakikufuata kitu, kama ambavyo hakikufuata kitu mara kumi na sita zilizotangulia.

Huyo Revocatus alikuwa ameweka picha ya radio kaseti katika kundi la mtandaoni la watu wa Kagera wanaouziana vitu vilivyotumika. Ilikuwa radio nyeusi ya spika mbili, yenye mkono wa kubebea na mlango wa kaseti mzima. Chini ya picha aliandika: "Inapiga vizuri sana. Haina tatizo. Wenye nia tu. Njoo inbox." Restituta alikuwa na nia, na alikuwa amekwenda huko alikoitwa. Mwaka mzima alikuwa akitafuta radio ya namna hiyo. Muuzaji mmoja alimtumia picha ya pasi, mwingine alimtumia aya ya Biblia, na wengine hawakutuma chochote.

Immakulata, jirani yake na mwenyekiti wa jumuiya, alikuja kuazima ungo, akachungulia simu bila kukaribishwa.

"Mwalimu, unamchumbia huyu kijana?"

"Ninamsalimia."

"Siku kumi na saba?"

"Hajaitikia."

"Basi muulize! Andika: radio ipo, bei gani. Maneno manne."

"Mtu hajaitikia salamu, nianze kumuuliza habari za mali yake? Nitaonekana nimelelewa wapi?"

"Utaonekana una radio," alisema Immakulata, akachukua ungo akaenda zake.

Restituta alikuwa na kaseti moja. Humo mumewe, Rugambwa, alijirekodi mwaka 1997, akiwa kisiwa cha Bumbire alikokwenda kufanya biashara ya dagaa. Mwanzoni Rugambwa aliandika barua. Restituta alizisoma, akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, akampa alama na kuzirudisha kwa boti ili ajifunze. Baada ya kupata tatu kwa kumi mara mbili mfululizo, Rugambwa aliacha kuandika, akaanza kusema kwenye kaseti, ambako hakuna herufi kubwa wala ndogo. Kaseti zililetwa na mvuvi mmoja aitwaye Masalu, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa sukari.

Ile ya mwisho, ndiyo hiyo moja aliyobaki nayo, Restituta aliisikiliza upande wa kwanza. Rugambwa alilalamikia wadudu wa ziwa, akaomba shati la mikono mirefu, kisha akasema, "Geuza, Mwalimu, upande wa pili nina jambo la kwetu wawili." Restituta aligeuza, na hapohapo radio ya nyumbani ikafa. Radio za kuazima zilikuwepo mtaani, lakini radio ya kuazima huja na masikio ya mwenye radio, na jambo lilikuwa la watu wawili. Akasubiri apate ya kwake. Miaka miwili baadaye Rugambwa alikufa kwa homa, akazikwa hukohuko kisiwani. Masalu alisema kwamba hadi wiki ya mwisho mzee alikuwa akishuka mwaloni kila boti ilipoingia, anawatazama abiria hadi wa mwisho, halafu anarudi. Kufikia wakati Restituta anapata radio ya kwake, ilikuwa ya kuchomeka flashi.

Siku ya ishirini, saa kumi alasiri, ilifika sauti kutoka namba ya Revocatus. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya msomaji wa matangazo ya vifo.

"Shikamoo, mama. Tumeamka salama, waitu. Familia haijambo. Mvua ilinyesha Jumapili na jana. Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Mwenyewe yupo na salamu zako anazisoma zote, ila ndivyo alivyo. Mimi ni ile radio."

"Marahaba," alijibu Restituta, na kwa kuwa sasa salamu ilikuwa imeitikiwa, aliuliza kama inacheza kaseti pande zote mbili.

Radio ilisema inacheza. Ilieleza kwamba ilikaa miaka kumi na tisa nyumbani kwa katekista mmoja wa Ngenge, na mtu aliyekaa nyumba ile hawezi kuona salamu imelala chini akairuka. Haikueleza imeipataje simu ya Revocatus, na Restituta hakuuliza. Kuhusu kuuzwa, ilisema haina mamlaka. Inaweza kumweleza mteja hali yake ya afya, lakini kujiuza yenyewe bila ruhusa ya mwenyewe kungekuwa wizi.

"Basi nitakuja nimwone," alisema Restituta.

"Karibu, mama. Nyumba iko nyuma ya soko, yenye ua wa michongoma. Utamkuta."

Immakulata alipoambiwa kwamba radio imejibu, alisema afadhali, maana alishaanza kumwonea mwenzake huruma. Akampa kifuko cha kahawa ya kutafuna, kwa kuwa haifai kwenda kwa watu mikono mitupu.

Jumamosi Restituta alipanda gari la asubuhi, na saa nne alikuwa langoni kwa Revocatus. Langoni alikuwepo fundi bomba, ameketi juu ya kigoda na mfuko wake wa spana. Barazani alikuwepo Revocatus mwenyewe, mtu wa miaka arobaini hivi, mtanashati, ameinamia simu.

"Hodi," alisema Restituta.

Revocatus aliinua kichwa. Katika kila jicho lake paliwaka alama mbili ndogo za bluu, ishara kwamba amesikia, kisha akainama tena.

"Karibu, mama!" ilisikika sauti ya mwanamke kutoka jikoni. Alitoka Stellah, mke wa Revocatus, anajifuta mikono kwenye kanga. "Pita, pita. Wanawake huwa ninawakaribisha mimi. Wanaume ndio wanamsubiri yeye. Huyo fundi yupo hapo tangu Kwaresima."

"Shikamoo, mama," alisema fundi bomba. "Mimi sina haraka."

Stellah alipokea kahawa kwa mikono miwili, akampeleka mgeni sebuleni. Kwenye rafu kulikuwa na radio kumi na moja, na zote zikamwamkia kwa pamoja kama watoto wa darasa la pili. Ile nyeusi ilikuwa ya tatu kutoka kushoto. Ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana pichani.

"Mmekosana na mumeo?" aliuliza Restituta kwa sauti ya chini. "Mbona hata wewe hakusemeshi?"

"Hajanijibu tangu Pasaka," alisema Stellah. "Si mtu mbaya, mama. Hanipigi, na nyama analeta. Anapenda tu kuulizwa. Anasema mtu anayekuuliza anakuhitaji, ukishamjibu anaondoka. Hizi radio zote zinaulizwa kila siku. Hajauza hata moja."

Restituta alikwenda barazani, akasimama mbele ya Revocatus, akamweleza kila kitu: kaseti, kisiwa, upande wa pili. Alitumia sauti aliyokuwa akiitumia kwa wazazi wa watoto waliofeli, sauti isiyolaumu. Revocatus alisikiliza kwa makini kabisa. Macho yake yalikuwa ya upole. Alama za bluu zikawaka, zikazima.

"Amekataa?" Restituta alimuuliza Stellah.

"Hawezi kukataa. Kukataa ni kujibu. Lete hiyo kaseti."

Stellah aliiweka kaseti upande wa pili, akabonyeza. Kwanza yalisikika maji, halafu mvumo wa taa ya karabai, halafu Rugambwa akakohoa.

"Mwalimu. Habari za huko? Umeamkaje?"

Baada ya hapo akanyamaza. Maji yaliendelea kupiga, karabai ikaendelea kuvuma. Dakika ikapita, na ya pili.

"Imekatika?" aliuliza Stellah.

"Haijakatika," ilisema radio. "Anasubiri aitikiwe."

Restituta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ilikuwa safi tangu mwanzo. Aliweka kiganja juu ya mlango wa kaseti, mahali palipokuwa na joto.

"Nimeamka salama, Rugambwa," alisema. "Samahani. Nimechelewa kuitikia."

"Si kitu," kaseti ilijibu. "Nilidhani umekasirika. Nilitaka kuuliza kama naweza kurudi nyumbani."

"Rudi."

"Hata na mwandiko huu?"

"Rudi na mwandiko huohuo."

Rugambwa alicheka kile kicheko chake cha puani, ambacho Restituta alikuwa amekisahau bila kujua kwamba amekisahau. Akasema ataanza safari kesho yake, ila kuna tatizo: njia haioni vizuri, anafuata sauti yake mwenyewe tu. Restituta alimwambia aje Bakoba, nyumbani, kitanda ni kilekile. Rugambwa akasema sauti haitokei Bakoba, inatokea hapo ilipo radio. "Radio ikifika Bakoba, nami nitafika Bakoba," alisema, na mkanda ukaisha, kitufe kikajirusha juu.

Kuanzia hapo Restituta alikwenda Muleba kila Jumamosi. Kila Jumamosi alianzia barazani, akamwomba Revocatus amuuzie radio, na kila Jumamosi Revocatus alisikia. Halafu aliingia sebuleni, Stellah akarudisha mkanda mwanzo, wakawa na dakika thelathini. Stellah alikuwa akienda jikoni kwa muda huo, na radio ile nyeusi iliziomba nyingine kumi zigeukie ukutani, nazo ziligeuka.

Jumamosi ya pili nyuma ya sauti ya Rugambwa ulisikika muungurumo wa injini ya mtumbwi. Jumamosi ya tatu zilisikika ndala juu ya mchanga, na Rugambwa akalalamika kwamba mwaloni watu wamepandisha bei ya chai. Jumamosi ya nne alikuwa anapanda mlima, anahema, na walizungumza kidogo tu kwa sababu Restituta alimwambia asimalize pumzi. Alimsikiliza akitembea. Nyumbani Bakoba alikuwa amekwishafua shuka, ameanika godoro, ameshona kifungo kwenye shati la mikono mirefu alilolinunua mwaka 1997 na ambalo halikuwa limevaliwa na mtu.

"Ukimpata muuzaji, usisahau kumwambia apunguze," alisema Immakulata alipoliona shati kwenye kamba.

"Sitaki apunguze. Nataka aseme."

Jumamosi ya tano, saa sita mchana, Restituta alikuwa hajamaliza hata salamu pale sebuleni radio iliposema "Hodi," na kutoka langoni likasikika "Hodi" jingine, la sauti ileile.

Restituta alitoka mbio, jambo ambalo mwalimu wa miaka sabini na moja halifanyi mbele za watu. Langoni hakumwona mtu ila fundi bomba, ambaye alikuwa amesogeza kigoda chake upande.

"Kuna mzee amefika," alisema fundi. "Mimi simwoni, lakini ananukia dagaa, na amenisalimia vizuri."

Kwenye udongo mwekundu palikuwa na nyayo mbili za ndala, zimelowa, zimeelekea ndani. Hata kidole kimoja hakikuvuka mstari wa lango. Rugambwa hakuwahi kuingia katika nyumba ya mtu bila kuambiwa apite, hata alipokuwa hai na mvua inanyesha.

"Pita, Rugambwa," alisema Restituta.

"Kwako ningepita," vilijibu radio na lango kwa pamoja. "Hapa wewe ni mgeni kama mimi. Mwenye nyumba hayupo?"

"Yupo."

"Ana hasira?"

"Hana."

"Basi ataitikia."

Stellah alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe. Hata radio kumi zilikuwa zimegeuka kutoka ukutani.

"Baba Josia," alisema Stellah, "kuna mtu mzima langoni. Neno moja tu."

"Ndugu Revocatus," alisema Restituta. Aligundua kwamba amepiga magoti, naye akabaki hivyo. "Kama huniuzii radio, sema karibu. Kama husemi karibu, niuzie radio. Chagua lililo jepesi."

Revocatus aliinua uso. Alitazama lango, akamtazama mkewe, akamtazama Restituta kwa muda mrefu kuliko siku zote, na midomo yake ilifunguka kidogo. Alama za bluu zikawaka katika macho yote mawili. Kuku alipita katikati ya ua. Kisha midomo ikajifunga, akashusha macho.

Sebuleni mkanda uliendelea kuzunguka. Rugambwa alisema asisumbuliwe mtu, yeye atangoja, amezoea. Akauliza godoro limeanikwa, Restituta akasema limeanikwa. Akauliza shati ni la rangi gani. Restituta alianza kumwambia, na kitufe kikajirusha juu.

Alinyanyuka, akakung'uta magoti, akaenda langoni. Fundi bomba alisogea tena kidogo kumpa nafasi. Restituta alikadiria kimo, akanyoosha mkono mahali ambapo ukosi wa shati ungekuwa, akauweka sawa, kwanza kulia, halafu kushoto. Mkono uliporudi, ulikuwa na magamba mawili ya dagaa kwenye ncha za vidole. Hakuyapangusa.

Barazani simu ililia. Kuna mtu wa Biharamulo alitaka kujua kama ile radio nyeusi bado inauzwa, maana mama yake alikuwa na kaseti. Revocatus alilisoma swali taratibu, mpaka mwisho, akatabasamu, akaliacha.