Jambo Afande, Diski Imejaa

Jinja walikuwa wakipata majibu. Mbale, patupu. Juwairiya aliitazama ripoti hiyo ya programu yake nyumbani kwake Mafubira hadi chai ikapoa, na bado hakuelewa. Programu ilikuwa ile ile.

Aliitengeneza kwa hasira. Kompyuta za Linux zina kurasa za mwongozo zenye kila kitu, ila kufungua ukurasa lazima kwanza ujue jina la amri, na anayejua jina ana shida gani tena? Basi akauandikia kila ukurasa muhtasari wa Kiswahili, akaweka kisanduku: andika shida yako, upewe ukurasa. Wenzake wa duka la kompyuta Jinja walikifurahia. Askari magereza waliokuwa wakisomea kompyuta Mbale nao walipewa wakijaribu, lakini mwalimu wao, Lillian, alisema waziwazi kwamba kisipofanya kazi kufikia Ijumaa atakiondoa. Hakukuwa na darasa jingine lililokubali kukipokea.

Programu haikuhifadhi maneno ya watu. Juwairiya aliona kuyahifadhi ni umbea. Ijumaa asubuhi akafunga safari akajionee mwenyewe.

Darasani, chini ya mlima Wanale, alisimama nyuma ya Ignatius, sajini mwenye mvi. Ignatius alinyoosha kola, akaandika polepole: Jambo afande. Habari ya kazi. Naomba kujua, diski imejaa nini.

Hakuna ukurasa uliopatikana.

Juwairiya alitaka kucheka, kisha akaona darasa zima linaandika hivyo hivyo. Programu yake ilitafuta ukurasa wenye kila neno lililoandikwa, na ni mwongozo gani wa kompyuta unaouliza habari ya kazi?

"Mzee, hii si mtu," alisema. "Andika shida tu."

"Najua si mutu," Ignatius akajibu. "Lakini kuomba bila salamu, mukono yangu inakataa."

Lillian alitazama saa. Juwairiya angeweza kubandika tangazo ukutani, watu wasisalimie. Wazo hilo lilimuudhi. Alivuta kiti, akaifundisha programu kuweka kando salamu na maneno ya adabu kabla ya kutafuta.

"Jaribu tena, afande."

Ignatius akarudia yote, bila kuruka salamu. Ukurasa ukatokea. Akausoma kwa midomo, akaandika amri, akaona folda moja imemeza diski nzima kwa video za mpira. Akaangalia pembeni kama aliyefumaniwa.

Lillian akasogea kwenye kompyuta ya jirani ajaribu mwenyewe. Juwairiya alichungulia. Mwalimu alikuwa ameandika: Pole na kazi, bwana.

Akafuatisha swali lake, akasoma jibu hadi mwisho.

"Kisanduku kibaki," alisema.