Wafiwa wa Kivinje, Watani wa Mtama

Miaka ile makampuni ya simu yalikuwa yanagombania kuta za watu. Ukilala, duka la jirani ni jeupe. Ukiamka, limepakwa rangi nyekundu au buluu kutoka msingi hadi paa, na mwenye duka anauza chumvi na viberiti vilevile. Serikali ilikuwa imefungua milango, kila mwenye mtaji aingie, na nyuma ya makampuni yakaja mashirika. Shirika moja la sanaa lilifika Kilwa Kivinje likitokea Dar es Salaam, na kompyuta zake, na mashine ya kutupa picha ukutani, na maneno mengi. Likasema wanafunzi wa sekondari ya Kivinje na wenzao wa Mtama, kule magharibi ya Lindi, watacheza mchezo mmoja wa kuigiza kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, wakionana kwa video. Walimu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini choo cha wasichana hakina mlango.

Justa wa kidato cha nne hakujali choo wala shirika. Katika maneno yote yale alisikia neno moja tu, Mtama. Mdogo wake Cletus alikuwa Mtama, kwenye sekondari hiyohiyo.

Baba yao, Benjamini, ni mtu wa Mtama aliyehamia Kivinje kufuata biashara ya ufuta baada ya mkewe kufariki. Alikuja na watoto wake wote wawili, lakini Cletus alikuwa na pumu, na moshi wa samaki wanaobanikwa pale pwani ukamshinda. Kila wiki kifua kilikuwa kinambana. Justa ndiye aliyekuwa anamkalisha kitako, anamwinamisha mbele, anampa ile dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumpapasa mgongo mpaka pumzi irudi. Mwisho baba akaona heri mtoto arudi kwa bibi yake, huko Mtama kuna hewa. Justa alilia siku mbili, ikabidi azoee. Sasa anaambiwa atamwona ukutani, anacheka na kutembea, na tena watacheza pamoja. Alijiandikisha wa kwanza.

Mchezo wenyewe aliutunga Mwalimu Rehani wa Kivinje, mtu wa maneno taratibu, akishirikiana na Mwalimu Eusebio wa Mtama, fundi wa ngoma na mtu wa mizaha. Walichagua jambo ambalo pande zote mbili zinalijua, yaani watani msibani. Wafiwa wakiwa wamejiinamia, watani wanaingia wamejipaka unga usoni, wanaiga wanavyolia wafiwa, wakijipiga vifua wanajipiga, wakipangusa kamasi wanapangusa. Halafu mmoja wao anajilaza chini na kumuiga marehemu, alivyokuwa anakohoa, alivyokata roho. Huyo haruhusiwi kuinuka, wala hainuliwi, mpaka wafiwa watoe chochote. Watu wanacheka, na ukiwa mfiwa hujui machozi yamekauka saa ngapi. Ikapangwa kwamba Kivinje watakuwa wafiwa na Mtama watani. Justa akapewa nafasi ya mjane.

Marehemu wao wa kubuni aliitwa Mzee Likwata, mvuta tumbaku aliyekufa kwa kifua. Mwalimu Eusebio alitafuta mwanafunzi wa kumuiga Mzee Likwata, akajaribu sita, wote wanakohoa kama wamepaliwa na uji. Alipokuja Cletus, kidato cha pili, mwembamba kama unavyomjua mtoto wa pumu, akalala chini na kuvuta pumzi kwa mluzi, kila mtu akashika mdomo. Mwalimu akasema kipaji hiki kimetoka wapi. Cletus hakusema kimetoka wapi, maana aliogopa kuondolewa. Alimwambia dada yake tu, siku ya mazoezi ya kwanza, uso wake mkubwa ukiwa umetanda ukutani Kivinje: "Dada, umeona nilivyowaweza?" Justa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alifurahi, asimfiche mtu.

Mazoezi yalikuwa na shida zake. Picha ilikuwa inachelewa, mtu akiinua mkono Mtama, Kivinje wanauona ameshaushusha. Sauti nazo, zikiachwa wazi huku na huku, zilipiga kelele za kutoboa masikio. Kijana wa shirika aliyekuwa Kivinje akakata shauri kwamba sauti itoke Mtama peke yake, kwa kuwa ngoma ziko huko. Kivinje watapeleka picha tupu. Na simu zote za Mtama zizimwe siku ya onyesho, maana ya Mwalimu Eusebio ililia katikati ya mazoezi na kuharibu kila kitu. Unga nao hawakuutumia kwenye mazoezi. Ulikuwa mwezi wa njaa njaa, Mwalimu Eusebio akasema hawezi kumwaga unga wa muhogo kila Jumatano mbele ya watoto walioshinda bila kula. Unga watauona siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Madirisha ya darasa la Kivinje yalizibwa kwa mablanketi, watu wakajaa mpaka mlangoni, wazazi, wauza samaki, afisa elimu kata na suti yake. Ukutani wakaonekana watu wa Mtama nao wamejaa vilevile. Ngoma ikaanza. Mwalimu Eusebio mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye ngoma kubwa, ameipa kamera mgongo.

Watani wakaingia weupe kama majini. Walikuwa wamejipaka unga vichwani na usoni, na walipokuwa wanaruka unga ule ukapanda juu ukawa wingu, picha nzima ikafifia. Kivinje wakashangilia. Justa, ameketi chini na kaniki yake ya ujane, akamtafuta mdogo wake ndani ya wingu lile. Alipomwona amevikwa shuka tupu, isiyo na mfuko wala kifundo, akajiuliza. Dawa yake ameiweka wapi?

Cletus akajilaza chini, akaanza kumuiga Mzee Likwata. Kikohozi, mluzi, kikohozi, mluzi. Mtama wanavunjika mbavu, Kivinje wanavunjika mbavu, afisa elimu anapangusa macho. Justa naye alijilazimisha kulia kilio chake cha mjane kama walivyofundishwa.

Halafu mluzi ukakatika. Cletus alikuwa bado anafungua mdomo, mabega yanapanda, lakini sauti haitoki. Watu wote mle darasani waliona kijana anaigiza vizuri kuliko siku zote. Justa peke yake ndiye aliyejua kwamba Cletus akiigiza anapiga mluzi, na akibanwa kwelikweli hatoi hata sauti. Aliona lile bonde la shingoni likiingia ndani na kutoka. Alimwona akijivuta akae kitako, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe tangu akiwa mdogo. Na watani wawili, kwa kicheko, wakamshika mabega wakamlaza tena. Maiti gani inakaa?

Justa akaruka. "Mwinueni! Mwinueni, anaumwa!" Alipiga kelele mpaka koo likamuuma. Darasa zima likamwelewa, maana kilio chake hakikuwa cha mchezo. Lakini kelele zile hazikwenda popote. Ukutani, baada ya kitambo, watani wa Mtama wakamwona mjane ameruka, nao wakaruka. Mjane anapunga mikono, nao wakapunga. Mjane anapiga kelele bila sauti, nao wakapanua vinywa vyao vyeupe bila sauti. Mtama wakaangua kicheko kipya.

Akanyoosha kidole kumwelekea Cletus. Watani wote wakanyoosha vidole, kila mmoja akimwelekea Justa.

"Mwalimu, piga simu!" Mwalimu Rehani alikuwa ameshapiga. Alisikiliza, akapiga tena, akasikiliza. Kila mara yule mwanamke wa kampuni alimjibu kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Kijana wa shirika akawa anaandika ujumbe kwenye kompyuta, lakini Mtama hakukuwa na mtu wa kusoma. Kompyuta ilikuwa mezani peke yake na Mwalimu Eusebio yuko kwenye ngoma. Baba yake Justa alikuwa Miteja kwenye ufuta. Bibi hakuwa na simu. Mzazi mmoja akasema liletwe gari, mwingine akamuuliza gari la kufika Mtama kesho?

Sauda, rafiki yake Justa, alikuwa na akili za haraka. Alichana kipande cha manila kilichobandikwa ukutani, akaandika kwa mkaa herufi kubwa, CLETUS ANA PUMU KWELI MWINUENI, Justa akakishika mbele ya kamera kwa mikono miwili. Wakasubiri. Picha iliyokuwa inafika Mtama ilikuwa na chengachenga, na herufi zenyewe zilitetemeka na mikono ya aliyezishika. Mtani mmoja akatazama, akacheka, akatoka mbio. Justa akasema moyoni, ameona, Mungu mkubwa, ameona. Yule mtani akarudi na daftari, akalifungua katikati, akalinyanyua juu ya kichwa chake kama Justa, na kutikisa.

Ilikuwa hasira kubwa kuliko hofu. Justa aliwachukia wale watoto waliojipaka unga, akaichukia ngoma, akamchukia afisa elimu aliyekuwa anauliza kwa sauti ya chini kama onyesho litaendelea. Na kile alichokuwa anakiona kilikuwa kimeshapita. Cletus alikuwa anakwaruza sakafu kwa vidole, na hata huko kukwaruza pengine alikuwa amekwisha kuacha.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama wanamwiga kila anachofanya, basi asiwepo wa kuigwa. Picha ikizimika, mchezo utasimama, ngoma itanyamaza, watageuka watazamane, watamwona. Hakumuuliza mtu. Alishika waya uliokuwa unatoka kwenye kompyuta, akauvuta na modemu yake, kila kitu kikazimika. Ukuta ukabaki ukuta. Mtu mmoja akashusha blanketi moja dirishani na mwanga ukaingia.

"Umefanya vizuri," Mwalimu Rehani akamwambia. "Sasa watamwona, mwanangu. Sasa wameshasimama."

Na Justa akaamini. Alikaa chini akajishika magoti, akawa anahesabu wanachofanya huko: sasa wamenyamaza, sasa mmoja amemwinamia, sasa wamemkalisha, sasa mwenzake wa darasani amekimbilia suruali ya Cletus kuchukua dawa. Alimpa kila mtu kazi yake. Sauda alimfuta unga wa mkaa mikononi kwa ncha ya khanga. Hakuna aliyeondoka, hata wauza samaki ambao samaki wao walikuwa juani. Mwalimu Rehani aliendelea kupiga simu, haipatikani, haipatikani, mpaka ikafika mahali hata yule mwanamke wa kampuni walimchoka.

Muda ulikwenda. Halafu simu ikalia yenyewe.

Mwalimu Rehani akaitia sikioni, na sauti ya Mwalimu Eusebio ilikuwa kubwa mpaka waliokaa mbele wakaisikia.

"Haloo, Mwalimu! Mtandao umekatika kwenu au kwetu? Nimeona nichukue jukumu la kuwasha simu. Sisi tuko palepale, tunawasubiri."

Justa akampokonya mwalimu wake simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Na hata hapo, ulimi uliolelewa ni ulimi uliolelewa, akaanza na, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mjane wetu! Umewaua watu kwa kicheko leo."

"Mwalimu, mwinueni Cletus. Anaumwa. Ana pumu."

"Cletus? Si huyu hapa kalala. Huyu kijana nitampa zawadi. Wenzake wote wameshaanza kujikuna na kukaa ovyo, yeye hajatikisika tangu mlipokatika. Nimewaambia wamtazame, hiyo ndiyo nidhamu ya jukwaa."

"Mwalimu, mwinueni!"

"Ee bibi wee, mtani hainuliwi bure. Wafiwa mna nini cha kutoa?"

Justa akafungua mdomo ajibu. Kilichotoka hakikuwa neno, wala hakikuwa kile kilio cha mjane walichokifanyia mazoezi kila Jumatano. Mwalimu Eusebio alikuwa mtu wa mizaha lakini hakuwa mjinga. Justa akasikia simu ikiwekwa juu ya ngozi ya ngoma, kisha viatu vikienda haraka, kisha watu wa Mtama wakicheka, kwa kuwa walimwona mwalimu wao akipiga magoti mbele ya maiti na wakadhani mchezo umerudi.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Akasikia Mwalimu Eusebio, mbali na simu, akiliita jina la mdogo wake kama linavyoitwa asubuhi darasani, Cletus Benjamini. Akaliita tena. Watu wote wa Mtama walikuwa kimya sasa, na hakuna aliyeitika.