Nondo Iliyoota Lushebere

Wananchi wa Masisi na Walikale, simameni wima: sasa inasomwa historia ya kuingia kwa viwanda katika milima yetu. Kiwanda chenyewe ni meza ya mkaratusi, ekseli ya lori lililoanguka na moteri ya kinu cha muhogo. Mnaweza kukaa.

Bénédicte, aliyekimbia vita Walikale, aliiunda mashine hiyo mwenyewe kando ya kambi ya Lushebere ili achonge magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Umeme ulitoka kwenye turbini ndogo ya kijito. Mashine ilichonga vizuri, ila ilikuwa inauma. Kila alipogusa mwili wa moteri, mkono ulikufa ganzi hadi begani. Mara ya mwisho alianguka na kuzinduka gurudumu bado linazunguka. Basi akafunga waya kwenye mwili wa moteri, akauunganisha na nondo aliyoipigilia ardhini, ili umeme uliopotea ushukie udongoni badala ya kupitia kifuani mwake. Udongo ulikuwa mkavu, kwa hiyo kila asubuhi aliumwagia maji ya chumvi.

Siku ya soko akapita Léopold, kapita, yaani msimamizi wa shamba. Mwenye shamba, yule patron, anakaa Goma, na wanaoishi kwenye ardhi yake amewaruhusu maharagwe na viazi tu. Migomba, kahawa na miti ni marufuku, maana anayepanda kitu cha kudumu kesho atadai mlima.

“Mama Béné, ng'oa ile.”

“Papa Léopold, iko chuma tu. Inazuia moteri isiniue.”

“Unaimwangia maji?”

“Kila asubuhi.”

“Basi iko mumea.”

Akaing'oa, akaitupa mferejini. Bénédicte akaiokota, akaipigilia tena, akaongeza chumvi.

Soko lililofuata, Léopold alivuta nondo mpaka mkanda wake ukakatika. Ilikuwa imeshika mizizi. Juu ilikuwa na majani mawili ya shaba. Léopold alilikwaruza moja kwa ukucha, akaridhika kwamba tangu mwanzo alisema kweli.

“Kila kitu yenye inaota kwa patron iko ya patron,” alitangaza. “Na mashini yenye umefunga kwake, pia.”

“Sawa. Patron akuye aifungue yeye mwenyewe. Mimi nitawasha, yeye atashika.”

Watu wa foleni ya maji walicheka. Patron hakuja. Bénédicte aliendelea kuchonga, kiganja kizima juu ya moteri, na moteri haikumuuma tena.

Baadaye nondo zikaota mbele ya kila kibanda, na upepo ukipita majani yake yalilia kama vijiko. Akina mama walizianikia nguo. Kutoka Goma ikaja amri kwamba zote ni mali ya patron, pamoja na vivuli vyake, na hadi leo amri hiyo haijafutwa.

Léopold amegundua pia kwamba geti la malisho ya patron limebaki fremu tupu, na ng'ombe wanatembea wapendavyo. Sasa hivi amesimama mbele yangu, mimi ninayewasomea historia hii, anatazama chumvi kwenye vidole vyangu.

Ndiyo, Papa Léopold. Ni mimi. Internat, shule yangu ya bweni, imefunga; nimerudi kambini, nilikosa kazi ya mikono. Nondo za geti nimezipanda zote, nimezimwagia, na zimeshika.

Jaribu kuzing'oa.