Pua ya Wanyoike

Kulikuwa na kitu ndani ya mkebe wa Soipan.

Wanyoike alikuwa ameinua kifuniko kama anavyoinua vifuniko vyote kila asubuhi pale kituo cha maziwa cha Kisaju. Aliinamisha pua, akawa tayari kusema "nzuri" kabla hata ya kuvuta pumzi. Neno likamkwama. Akainama tena. Maziwa yalikuwa meupe, povu limetulia vizuri juu yake. Lakini chini ya harufu ya ng'ombe na ya nyasi kulikuwa na harufu nyingine, kavu, ya zamani, ambayo aliijua na hakuijua.

"Kuna nini?" Soipan akauliza. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, shuka begani, na watu wa Kisaju walimwita Mama Kisemei kwa jina la kijana wake wa kwanza. Alikuwa akileta maziwa pale tangu kituo kifunguliwe.

"Hakuna kitu, Mama Kisemei."

"Basi mbona unaangalia maziwa yangu kama polisi?"

Foleni nyuma yake ikacheka. Wanyoike akaona haya. Akatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, akaona maziwa hayajatiwa maji. Akachanganya kidogo na spiriti, akaona hayagandi. "Nzuri," akasema, na maziwa yote ya Soipan yakamiminwa ndani ya tangi la baridi pamoja na ya wenzake. Siku nzima alitembea na ile harufu puani, kama mtu aliyekutana na sura anayoifahamu na jina limempotea.

Pua yenyewe ilikuwa mpya. Si mpya ya kununua. Ilikuwa ileile pana aliyorithi kwa marehemu baba yake kule Limuru, ila ilikuwa imelala miaka mingi, na sasa ilikuwa imeamka na fujo zake zote.

Sigara alianza akiwa kijana, akipakia mawe ya ujenzi kwenye malori hapo Kitengela. Binti yake Valerie alipozaliwa, mkewe Gathoni alimwambia wazi kwamba mtoto hatabebwa na mikono inayonuka hivyo. Wanyoike akaenda mjini akanunua vape, sigara ya umeme, kidude cha rangi ya zambarau, ladha ya stroberi, na kila mtu akampongeza kwa kuacha. Hata yeye alijipongeza. Lakini sigara angalau ilikuwa na mwisho: inaungua, inaisha, unaitupa. Kile kidude hakikujua kuisha. Alikivuta chooni. Alikivuta kitandani Gathoni akiwa amemgeuzia mgongo. Alikivuta nyuma ya tangi, kati ya mkebe na mkebe, na miaka ikaenda hivyo, mdomo ukinukia keki ya sherehe ya mtu asiyemjua.

Kilichomwachisha ni kazi ya shule ya Valerie. Mwalimu alikuwa ametaka wanafunzi wajifunze milango ya fahamu pamoja na wazazi, basi Valerie akamfunga baba yake macho kwa leso, akamletea vikombe, kimoja kimoja, anuse. Kwenye kitunguu kilichokatwa, Wanyoike akasema ni kahawa. Kwenye kahawa akasema kikombe kiko tupu. Kwenye kikombe kitupu akafikiri sana, akasema ni sabuni. Valerie alicheka mpaka akakaa chini. Gathoni hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Valerie," akasema, "si ni wewe hunusa maziwa ya watu?"

Ni kweli, kazi yake ilikuwa kunusa, na kumbe kwa miaka alikuwa anainama tu juu ya mikebe, kama muumini anayeinamisha kichwa wakati wa maombi huku akifikiria chakula cha mchana. Kile kidude kikaingia kwenye droo jioni hiyohiyo. Siku za kwanza hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Alikuwa mkali kwa watu, mkali kwa kuku, mkali kwa redio. Kama ni ule mvuke uliokuwa umeilaza pua au ni jambo lingine, hakuna daktari aliyemwambia. Alichojua ni kwamba baada ya wiki chache vitu vilianza kurudi. Vumbi kabla ya mvua. Nywele za Valerie. Koti lake mwenyewe, ambalo lilimshtua sana. Gathoni alimkuta jikoni amefungua kila kopo, anaingiza pua kwenye majani ya chai.

"Hii imekuwa ikinuka hivi siku zote?" akamuuliza.

"Siku zote," Gathoni akajibu, akiwa na furaha ambayo hakujisumbua kuificha.

Ndiyo maana ule mkebe wa Soipan ulimtatiza. Na jibu lililetwa na Kahiga, msimamizi wa kituo, mchana wa siku ileile.

"Wale wa kiwanda wamepiga simu tena," Kahiga akasema. "Tangi yetu iko na moshi."

"Moshi?"

"Harufu ya moshi. Wamekuwa wakilalamika tangu mwaka jana, na mimi nawaambia haiwezekani, hapa tuko na mtu wa kunusa." Akamtazama puani. "Mtu wa kunusa ni wewe, Wanyoike. Sasa wakirudisha tangi ingine, nitaweka mtu mwingine hapo mlangoni. Sitaki, lakini nitaweka."

Moshi! Ile sura ikapata jina. Haukuwa moshi wa sigara wala wa jiko. Ulikuwa moshi wa kuni nzuri, uliotulia ndani ya maziwa kama mwenyeji. Wanyoike akakumbuka semina iliyofanywa pale kituoni zamani, kina mama wakifundishwa kuosha mikebe kwa maji moto na kuacha kuisugua kwa kijiti kilichochomwa. Wengi waliacha. Soipan hakuacha, na kwa nini aache? Kila asubuhi alifika mlangoni, pua ya kituo ikainama, ikasema nzuri.

Jambo hilo lilimuuma. Akimkataa Soipan, anamfungia mlango ambao yeye mwenyewe alimwachia wazi miaka yote, na hakukuwa na mtu mwingine Kisaju wa kununua maziwa mengi kiasi kile kwa bei ya haki. Akimpitisha, kazi yake inakwenda. Aliwaza jioni nzima na hakupata njia ya tatu, mpaka asubuhi alipokuwa akivaa koti na jicho likatua kwenye droo.

Njia ya tatu ilikuwa hiyo. Avute kidogo tu, pua ilale. Pua ikilala haitasikia moshi, na mtu ambaye hajasikia kitu hawezi kuitwa mwongo. Akatia kidude mfukoni, akatoka bila kumuaga Gathoni vizuri.

Alisimama nyuma ya tangi kabla foleni haijajaa. Kidole kilijua pa kubonyeza, midomo ilijua pa kukaa, na mate yalikuwa yameshaanza kumjaa. Lakini wiki zile chache zilikuwa zimempa mazoea mengine: kabla ya kukitia mdomoni, alikinusa.

Hakuwahi kukinusa. Miaka yote ile alikuwa amekivuta tu. Akakinusa tena polepole, kwa udadisi wa kazi yake, kama anavyofanya mkebe unapomtia shaka. Ilikuwa harufu ya dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto, juu ya plastiki iliyopata moto. Kitu hiki ndicho alichokuwa akikiingiza kifuani kutwa kucha, na watu wakimpongeza. Kama kingekuwa mkebe angekikataa bila hata kuuliza ni wa nani.

Akacheka peke yake hapo nyuma ya tangi. Kisha akakirudisha mfukoni, na tusidanganyane, mkono ulikuwa bado unakitaka.

"Supa, Wanyoike," Soipan akasalimu zamu yake ilipofika.

"Ipa," Wanyoike akaitikia kwa Kimaasai, akainua kifuniko. Moshi ulikuwepo, umemngoja. "Mama Kisemei, mkebe unaosha na nini?"

"Na oloirien." Alipoona Wanyoike anasubiri, akaendelea kama anayemweleza mtoto. "Ule mti. Unachoma kijiti, kikishika moto vizuri unazima, unasugua nayo ndani. Mama yangu alikuwa anafanya kibuyu hivyo. Maziwa haiharibiki, hata ikae. Huo ndio usafi. Maji ni ya kuosha miguu."

Kina mama wakacheka. Wanyoike hakucheka.

"Kiwanda haitaki hiyo harufu. Leo siwezi chukua."

Kicheko kikakatika. Soipan akamtazama vizuri.

"Hii moshi imeanza leo?"

"Hapana."

"Imeanza lini?"

"Imekuwa tu."

"Na wewe ulikuwa unanusa nini miaka hiyo yote?"

Angeweza kusema sheria zimebadilika. Angeweza kusema ni Kahiga, ambaye kwa wakati huo alikuwa dirishani anasikiliza. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekishika kile kidude, na alijua wazi kwamba akidanganya sasa hivi atakivuta kabla ya saa nne.

"Nilikuwa sisikii kitu," akasema. "Nilikuwa navuta hii." Akakitoa, wote wakakiona, zambarau yake imechubuka. "Pua ilikufa. Nilikuwa nainama tu. Sasa nimewacha, ndio nasikia."

Bodaboda iliyomleta Soipan ilikuwa bado inanguruma, na mwenye bodaboda akaizima ili asikie vizuri.

"Kwa hivyo wewe umepona," Soipan akasema taratibu, "na mimi ndio nalipa."

Wanyoike aliona aibu kali, ya kuchoma masikio.

Soipan akachukua kifuniko mkononi mwa Wanyoike, akamimina maziwa kidogo ndani, akamrudishia. "Kunywa. Uniambie ni mbaya."

Akanywa. Yalipita baridi na mazito, na yalipokwisha kupita, moshi ukabaki, ukapanda kwa nyuma mpaka puani, ukashuka mpaka kifuani. Kwa miaka kifua hicho kilikuwa kikidai kitu fulani na kupewa stroberi. Kikanyamaza. Wanyoike alisimama na kifuniko kitupu, akishangaa, akisikiliza kimya hicho ndani yake.

"Si mbaya," akasema, na sauti haikutoka sawa. "Ni tamu. Ni tamu sana, Mama Kisemei."

"Lakini?"

"Lakini siwezi chukua."

Soipan alifunga mkebe mwenyewe, akasaidiwa kuufunga kwenye bodaboda, akaenda na barabara ya kuelekea Bisil bila kugeuka.

Kahiga alikuwa amesikia yote pale dirishani. Alimletea Wanyoike chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka. Ijumaa Wanyoike alipita Kitengela kwa fundi wa simu, akamwachia kile kidude atoe betri kama itamfaa. Fundi alitaka kujua kimeharibika nini. Wanyoike akamwambia hakijaharibika.

Baada ya kukataliwa, Soipan hakuja kesho yake, wala keshokutwa yake. Ilisemekana anamuuzia mchuuzi mmoja anayelipa siku akipenda. Kila asubuhi Wanyoike aliinua vifuniko na pua yake ikafanya kazi kuliko wakati wowote: ikamjua ng'ombe aliyekula magugu machungu, ikaujua mkebe uliofunikwa kabla haujakauka. Kiwanda kilipiga simu kusema tangi ni safi. Alipaswa kufurahi. Lakini kila bodaboda ilipokata kona kutoka barabarani aliinua macho, na haikuwa yeye, na moyo ukashuka.

Kisha asubuhi moja ikawa yeye. Aliweka mkebe chini bila salamu, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono ndani ya shuka.

Wanyoike akainua kifuniko. Harufu ya chuma kilichooshwa kwa maji moto. Harufu ya nyasi, ya ng'ombe. Akainama zaidi. Hakukuwa na kitu kingine. Akabaki ameinama, macho ameyafumba, akitafuta pembeni, akitafuta chini, na foleni ikaanza kunung'unika.

"Sasa unatafuta nini?" Soipan akauliza. "Si ulisema nitoe? Nimetoa."

"Nzuri," Wanyoike akasema. "Ni nzuri. Ashe, asante, Mama Kisemei."

"Nzuri kwa kiwanda."

Maziwa yakamiminwa, yakachanganyika na ya wenzake, na hakuna mtu ambaye angeweza tena kuyatambua. Wanyoike alibaki na kifuniko mkononi. Soipan akanyoosha mkono kukichukua, na hapo ndipo Wanyoike alipoona vidole vyake: vimeingia weusi wa makaa kwenye kucha na kwenye mikunjo, weusi wa asubuhi hiyohiyo.

"Maziwa ya nyumbani hujaniuliza," Soipan akasema kwa sauti ya chini. Karibu atabasamu, lakini hakutabasamu.

Mkono wa Soipan ulikuwa karibu na uso wake, bado unanukia oloirien. Wanyoike hakuachia kifuniko mara moja. Alifumba macho, akavuta hewa taratibu mpaka ikafika chini kabisa, akaishikilia humo kifuani kama alivyozoea zamani, kisha akaiachia.