Tia Kufuli, Daktari

...na sasa nimekuna pua, nimeikuna kabisa juu ya barakoa, kwa kidole kilichokuwa kimeshasuguliwa kikawa safi kuliko sahani za wageni, haya, rudi mwanzo, kucha, vidole, kiganja, mpaka kiwikoni, na Sista ameniona, Sista haoni kitu akanyamaza, "Daktari, leo pua ina nini?", inawasha, nasema, "Mbona imeanza kuwasha tulipomwingiza huyu mama?", mwache aseme, mlango wa chumba cha upasuaji uko wazi nusu na ninamsikia mgonjwa wangu anataniana na daktari wa usingizi, ameshachomwa sindano ya mgongo, miguu haina habari lakini mdomo uko kazini, mtoto wa sita huyu, na aliniambia mapema kule kliniki, ukishamtoa mtoto nifunge na uzazi hapohapo, "duka nimefunga, Daktari, wewe tia kufuli tu", akacheka mpaka tumbo likacheza, nami nikamwambia ukweli, hiyo kazi mimi sifanyi, imani yangu hainiruhusu, kuzalisha nitakuzalisha vizuri, kufunga atakuja kufunga mwenzangu, akaniangalia bila kinyongo, "sawa, kila mtu na moyo wake, ila msije mkanifungua tena mwakani, labda mniwekee zipu"... zipu, jamani, na sasa huyo mwenzangu, Mrefu tunavyomwita, amebanwa chumba cha pili na mgonjwa anayevuja damu, asipotoka kabla sijamshona huyu mama basi nitamshona bila kufuli, atapasuliwa upya siku nyingine kwa sababu ya moyo wangu mimi, wakati tumbo ni lake, maji leo ni baridi, sabuni imenichoma penye ukucha nilioutafuna, haki ninayo, kanuni inaniruhusu na hakuna wa kuninyooshea kidole, nimeshika msimamo huu tangu nihitimu, tena kwa raha zangu, kwa sababu mimi ni kitinda mimba, wa nane, na kila niliposoma habari za kufunga kizazi nilijiona nimebaki nje nagonga mlango na hakuna wa kunifungulia, ndiyo imani yangu yote hiyo ukiivua koti, na leo asubuhi nikampigia Mama, nilitaka sifa, ndiyo, nilitaka kuambiwa hongera mwanangu, nikamwambia kuna mtu anataka kufungwa nami nimekataa, akaguna, lile guno lake la kuonja chumvi, "Sasa mbona mimi nilifungwa?", lini, Mama?, "Siku uliyozaliwa wewe. Kwa yule wa saba daktari aliniuliza, nikamwambia bado, kuna mmoja namtaka. Ulipotoka nikakuangalia, kichwa kirefu kama papai, nikasema huyu ndiye, haya, funga", nami nikanuna, mtu mzima na shahada zangu, nikasema nachelewa kazini, nikakata simu... kuna mmoja namtaka, nasugua kidole gumba na maneno yanarudi, kuna mmoja namtaka, kumbe sikupenya kwa bahati, nilisubiriwa, mlango uliachwa wazi kwa ajili yangu na aliyeushikilia alikuwa Mama, kisha akaufunga mwenyewe, kwa furaha, maana nilikwisha kuingia, na yule daktari nisiyemjua, ambaye huenda naye alikuwa na moyo wake, alimsikiliza aliposema bado na akamsikiliza aliposema basi... mbona nacheka, nacheka peke yangu kwenye sinki kama niliyechanganyikiwa, povu limerukia barakoa, "Sista, nibadilishie barakoa", "Makubwa haya", anasema, na ananifunga kamba kisogoni kwa upole wa kumfunga mtoto kilemba, na kule ndani mgonjwa anauliza, "Jamani, daktari wangu anaoga?", daktari wa usingizi ameangua kicheko, mimi pia, Sista pia, mtu ana furaha namna hii na bado hata sijamgusa, kuna wenzangu watakaokataa kazi hii mpaka wastaafu na walale usingizi wao vizuri, siwahukumu, ila msimamo wangu niliujenga juu ya kisa cha kuzaliwa kwangu na kisa chenyewe nilikuwa nacho nusu, natamani nimpigie Mama sasa hivi, nimwambie papai lako limekusikia, lakini mikono, mikono juu, nisiguse kitu... "Daktari", Sista amechungulia chumba cha pili na amerudi, "Mrefu kamaliza, mgonjwa wake yuko salama, anasema anavua glavu anakuja kukufungia", nilidhani nitashusha pumzi, badala yake nimeshikwa na wivu, wivu kabisa, kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya mgonjwa wangu mlangoni, maji bado yanatiririka, povu bado liko viwikoni, pua inawasha na naiacha iwashe, "Mwambie akanywe chai", nasema, "kufuli natia mwenyewe."