Nyusi za Daktari wa Meno

Pale kliniki ya meno walimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa msaidizi wa daktari, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mgonjwa akikaa kitini na kuanza, "Jino langu la...", yeye alishammalizia: la nyuma, la juu, linauma ukinywa baridi. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, mgonjwa alikuwa ameshaachama na hawezi kumsahihisha.

Kisha akaja daktari mgeni kutoka nchi ya mbali. Kiswahili alikuwa amejifunza, kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, ila alikitumia kwa ubahili. Akishavaa barakoa ndiyo basi. Ulibaki na macho na nyusi mbili nene. Chiriku akiuliza, "Daktari, nitayarishe sindano ya ganzi?" nyusi zilipanda juu. Naye akaona, ala, anashangaa nimeuliza upuuzi. Anaiacha sindano kabatini, na punde daktari ananyoosha mkono kuitaka.

Hilo angelivumilia. Lililomkata maini ni kwamba kila akimweleza jambo, daktari alisonya. Si ule msonyo mrefu wa ugomvi. Ulikuwa mdogo, wa adabu, lakini msonyo ni msonyo.

"Mtu mzima na akili zangu, nasonywa kama paka aliyeiba nyama," alimlalamikia mumewe.

"Umemwuliza?"

"Tangu lini msonyo ukahitaji tafsiri?"

Mume akajimiminia chai. Ndoa ilishamfundisha pa kunyamazia.

Asubuhi moja akaingia dereva wa lori, pande la mtu, shavu limemvimba. Akalala kitini, akaachama. Daktari akainama chini ya taa.

"La kung'oa hilo, daktari?" Chiriku akauliza.

Nyusi zikapanda, zikakaribia nywele. Dereva akaziona. Akatoa sauti kooni.

"Anasema linamuuma sana," Chiriku akafasiri.

Dereva akatikisa kichwa, akatoa sauti tena, ndefu zaidi.

"Anasema yuko tayari."

Hapo dereva akainuka, kitambaa cha kliniki kikining'inia shingoni, akatoka nje.

Chiriku alimkimbilia, akamkuta kwenye benchi mbele ya duka la vipuri, ameshika shavu. Alitaka kumbembeleza, lakini mbio zilikuwa zimemmaliza pumzi. Hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

"Nimewahi kushuka mlima breki zimekata," dereva akasema, "sikutetemeka. Lakini daktari akikuchungulia kinywani nyusi zikamruka vile, ujue ameona makubwa. Nikakuuliza mara mbili, ameona nini? Wewe ukasema niko tayari."

Chiriku aliona haya. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mtu huyu muda wote na hakuwa amemsikia hata neno moja.

"Twende," akasema alipopata pumzi. "Tukamwulize mwenyewe."

Daktari alikuwa ameshusha barakoa, amekaa ameduwaa.

"Daktari, umeona nini mle kinywani?"

"Jino bovu."

"Basi? Hilo tu?"

Nyusi zikapanda.

"Ndizo hizo," dereva akasema, akirudi nyuma.

Daktari akajigusa paji la uso. "Hii? Kwetu hii ni 'ndiyo'. Uliniuliza kama ni la kung'oa, nikajibu ndiyo."

Chiriku akazikumbuka sindano zote alizoziacha kabatini. "Na kusonya je?"

"Kusonya ni nini?"

Akamwonyesha. Daktari akacheka. "Maana yake ninakusikia, endelea. Nilisonya ili uendelee." Kisha akavuta kiti karibu. "Nami nina swali. Kila nikisema nawe, unatazama sakafu. Nilifikiri umenichoka, nikapunguza maneno."

"Mkubwa wako akizungumza humkodolei macho," Chiriku akasema. "Ni heshima hiyo."

"Mimi nikawa naongea na utosi wako."

Dereva akakohoa. "Samahani, wakubwa. Mkimaliza kuposana, nina jino hapa."

Chiriku akamrudisha kitini. "Sikiliza, kaka. Ukiumia, inua mkono wa kushoto. Ukiwa na neno, inua wa kulia, tutatoa vyombo useme mwenyewe."

Ganzi ikaingia, na jino likaanza kulegea. Mara mkono wa kulia ukainuka. Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Chiriku: anaogopa, anataka tungoje. Akalimeza. Daktari akaondoa koleo, wakangoja wote wawili.

"Lori," dereva akasema kwa ulimi mzito. "Nimeliegesha mlangoni pa watu. Hamsikii honi?"

Kweli, nje kulikuwa na mtu anapiga honi, na kwa sauti yake alikuwa ameanza zamani. Chiriku akatoka kwenda kumwomba radhi. Aliporudi gego lilikuwa kwenye trei, na daktari anamweleza dereva habari za kusukutua kwa maji ya chumvi, kwa sentensi ndefu ajabu.